Gregor Mendel: Mwalimu asiye na cheti aliyeachia dunia mtihani

MTAHINIWA wa Biolojia anapofungua karatasi na kukuta swali kuhusu mimea mirefu na mifupi ya njegere, au minji kama wengi wanavyoziita, huwa amekutana na jasho la mtu aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita. Swali humweleza kwamba mmea mrefu ulipandanishwa na mfupi, na kwamba kizazi cha kwanza kilitokea kirefu chote. Kisha humtaka aonyeshe kizazi cha pili kitakuwaje. Wengi huandika uwiano wa tatu kwa moja walioukariri, wakaendelea na swali linalofuata.

Ni wachache wanaofahamu kwamba aliyeupata uwiano huo, padri Gregor Johann Mendel, naye aliwahi kuketi kwenye dawati la mtahiniwa. Alijaribu mara mbili kupata cheti cha kufundisha shule ya upili, na mara zote mbili akarudi nyumbani mikono mitupu. Alifundisha kwa miaka mingi akiwa mwalimu wa kujazia nafasi, na akafa bila cheti hicho.

Maisha yake yana funzo kwa yeyote anayejiandaa kwa maswali ya urithi. Mendel hakukariri uwiano wowote, kwa sababu haukuwapo wa kukariri. Aliufikia kwa kupanda, kungoja na kuhesabu punje moja baada ya nyingine, hadi hesabu zenyewe zikamwonyesha kilichokuwa kimefichika ndani ya mmea.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa mwezi Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia lililokuwa chini ya milki ya Austria. Kijiji hicho sasa huitwa Hynčice na kimo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake, Anton na Rosine, walimpa jina Johann. Alikuwa mwana wa kiume wa pekee kati ya dada wawili, Veronika na Theresia, na kwa desturi ya wakulima wa huko yeye ndiye aliyetarajiwa kurithi shamba.

Anton Mendel alikuwa na shamba lake, lakini sheria za wakati huo zilimlazimu kufanya kazi siku tatu kila wiki kwa bwanyenye wa eneo hilo. Muda mchache uliobaki aliutumia kuboresha miti ya matunda, akiunganisha vikonyo vya mti mmoja kwenye shina la mwingine. Mwanawe alijifunza kazi hiyo akiwa mdogo.

Mwalimu wa kijiji alitambua kipawa cha kijana huyo. Mwaka 1833 alipelekwa shule ya mji wa Leipnik, na mwaka uliofuata akajiunga na shule ya upili mjini Troppau. Wazazi hawakuweza kumlipia chakula kamili, kwa hivyo alilipiwa nusu tu. Miaka yake ya shule ilikuwa miaka ya njaa.

Mambo yaliharibika zaidi mwaka 1838, baba yake alipoumizwa vibaya na gogo la mti. Anton hakupona sawasawa tena. Johann, aliyekuwa na umri wa miaka 16, ikambidi ajitafutie riziki kwa kuwafundisha wanafunzi wengine faraghani huku akiendelea na masomo yake mwenyewe.

Alipokwenda mjini Olomouc mwaka 1840 kuendelea na masomo ya juu, alikosa kabisa wanafunzi wa kufundisha. Mashaka hayo yalimwangusha kitandani, akarudi nyumbani na kupoteza takriban mwaka mzima. Shamba nalo liliuzwa kwa shemeji yake, mume wa Veronika.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo. Katika desturi za huko msichana ndiye aliyekwenda kwa mumewe na mali kutoka kwao, na Theresia alikuwa ametengewa fungu lake. Alitoa sehemu ya fungu hilo ili kaka yake arudi shuleni. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye, akiwa na uwezo, aliwasomesha wana wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Monasteri yenye maktaba

Mwaka 1843 masomo ya Olomouc yalikwisha, lakini fedha za kuendelea hazikuwapo. Mwalimu wake wa Fizikia, Friedrich Franz, alimpendekeza kwa watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brünn, ambao leo ni Brno. Mwezi Oktoba mwaka huo alipokewa katika monasteri ya Mtakatifu Thomas na kupewa jina la kitawa, Gregor. Katika maelezo ya maisha aliyoyaandika baadaye kwa ajili ya mtihani wake wa ualimu, hakuficha kwamba hali yake ya kimaisha ndiyo iliyomwamulia njia hiyo.

Monasteri hiyo ilikuwa makao ya wasomi. Wapo waliofundisha falsafa, wapo waliotunga muziki, na wapo waliochunguza mimea. Mkuu wao, Abati Cyrill Napp, alikuwa mtu wa kilimo na elimu. Brünn ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, na wafugaji wa kondoo wa sehemu hizo walikuwa wamejadiliana kwa miaka mingi jinsi ya kupata mifugo yenye sufu bora. Katika miaka ya 1830 Napp mwenyewe aliwaambia wafugaji hao kwamba jambo la kuulizwa ni nini hasa kinachorithiwa na hurithiwa vipi. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mendel alipata daraja ya upadri mwaka 1847. Punde ilidhihirika kwamba hakufaa kwa huduma ya kuwazuru wagonjwa, kwani mateso aliyoyaona yalimfanya yeye mwenyewe augue. Napp aliona heri amtafutie kazi nyingine. Mwaka 1849 alimtuma mji wa Znaim kufundisha katika shule ya upili, na huko akang'ara. Wanafunzi walimpenda na walimu wenzake wakamsifu. Kilichokosekana ni cheti tu.

Mtihani wa kwanza na wa pili

Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa serikali wa kuwaidhinisha walimu. Insha yake ya Fizikia iliwaridhisha watahini. Ile ya jiolojia ilionekana dhaifu, na alipotakiwa kuwapanga wanyama wanaonyonyesha katika makundi yao, jibu lake lilikuwa la mtu asiyezijua kanuni za kitaalamu. Alifeli.

Sababu haikuwa uzembe. Alikuwa amejisomea mwenyewe vitabu alivyovipata, bila kupitia chuo kikuu. Mmoja wa watahini aliona kipaji nyuma ya upungufu huo, na ikashauriwa kwamba padri huyo apelekwe kusoma. Napp alikubali kugharamia, na kuanzia 1851 hadi 1853 Mendel alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Vienna.

Miaka hiyo miwili ndiyo iliyomjenga. Christian Doppler, ambaye jina lake limebaki katika Fizikia hadi leo, alimfundisha kupanga majaribio. Andreas von Ettingshausen alimfundisha hesabu za kuchanganya vitu na kukisia matokeo. Franz Unger alimfundisha jinsi mmea unavyojengwa kwa seli na jinsi unavyozaliana. Wanabotania wengi wa wakati huo walieleza mimea kwa maneno. Mendel alirudi Brünn akiwa na mazoea ya kuieleza kwa tarakimu.

Mwaka 1854 alianza kufundisha Fizikia na elimu ya viumbe katika shule ya upili mjini Brünn, bado akiwa mwalimu wa kujazia nafasi. Mwaka 1856 alisafiri tena kwenda Vienna kujaribu mtihani kwa mara ya pili. Aliugua mtihani ukiwa ndio kwanza umeanza, akajiondoa na kurejea nyumbani. Hakujaribu tena.

Mwaka huohuo wa 1856 ndio alioanza majaribio yake makuu ya njegere.

Bustani ya mita 35

Sehemu ya bustani aliyopewa ilikuwa na urefu wa takriban mita 35 na upana wa mita saba. Kabla ya kuanza, alikusanya aina 34 za njegere na kuzijaribu kwa miaka miwili ili ahakikishe kwamba kila aina huzaa watoto wanaofanana na mzazi. Kati ya hizo alichagua 22. Hatua hii mara nyingi hurukwa na wanafunzi, ilhali bila hiyo kazi yote ingebomoka. Mtu asiyejua kama wazazi ni halisi hawezi kusema lolote la hakika kuhusu watoto.

Njegere zilimfaa kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Mendel alilifungua ua changa, akaondoa sehemu zenye chavua kabla hazijakomaa, kisha akalipaka chavua ya mmea mwingine aliouchagua yeye. Hivyo alijua kwa yakini baba ni nani na mama ni nani. Baadhi ya mimea aliiweka katika nyumba ya vioo ili kuthibitisha kwamba wadudu hawakumvurugia kazi.

Alichagua sifa saba, kila moja ikiwa na sura mbili zisizochanganyika machoni: umbo la punje, rangi ya ndani ya punje, rangi ya ua, umbo la ganda, rangi ya ganda, mahali maua yanapoota na urefu wa shina. Punje ilikuwa ama ya mviringo ama iliyokunjamana. Shina lilikuwa ama refu ama fupi. Hapakuwa na nafasi ya kubahatisha.

Watu wengi wa zama hizo waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na chai. Lau ingekuwa hivyo, punje ya mviringo na iliyokunjamana zingezaa punje za kati na kati, na maziwa yakishaingia kwenye chai hayatoki tena. Mendel aliona jambo tofauti. Kizazi cha kwanza kilikuwa na punje za mviringo zote, kana kwamba mzazi mwenye punje zilizokunjamana hakuwahi kuwapo.

Aliiacha mimea ya kizazi hicho ijichavushe yenyewe, kisha akahesabu. Kati ya punje 7,324 za kizazi cha pili, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Katika rangi, kati ya punje 8,023, za manjano zilikuwa 6,022 na za kijani 2,001. Kwa urefu wa shina, mimea 787 ilikuwa mirefu na 277 mifupi. Sifa zote saba zilikaribia tatu kwa moja.

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini methali hiyo haielezi kwa nini mjukuu huzaliwa na sura ya babu ambayo baba hakuwa nayo. Mendel ndiye aliyepata maelezo. Kila mmea hubeba visababishi viwili vya kila sifa, kimoja kutoka kwa kila mzazi. Kimoja huweza kutawala na kukificha kingine, ila kilichofichwa hakifi wala hakichafuki. Mmea unapotengeneza mbegu za uzazi, visababishi hivyo hutengana na kila mbegu hupata kimoja tu. Viwili vilivyofichika vikikutana tena, sifa iliyopotea hurudi ikiwa kamili.

Pale watahiniwa wanapoteleza

Mendel hakuishia kwenye tatu kwa moja. Alichukua mimea 565 iliyoota kutokana na punje za mviringo za kizazi cha pili, akaiacha ijichavushe. Mimea 193 ilizaa punje za mviringo peke yake. Mingine 372 ilizaa za mviringo pamoja na zilizokunjamana. Yaani miongoni mwa zile zilizoonekana sawa, theluthi moja tu zilikuwa halisi, na theluthi mbili zilibeba sifa fiche.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya anayekariri na anayeelewa. Uwiano wa tatu kwa moja ni wa kile kinachoonekana kwa macho. Ndani yake mna uwiano wa moja kwa mbili kwa moja, ambao ni wa visababishi vyenyewe. Mtahini anapouliza ni sehemu gani ya mimea mirefu iliyobeba sifa ya ufupi, jibu ni theluthi mbili. Aliyekariri huandika nusu, kwa kuwa amesahau kwamba ile mifupi imekwisha kuondolewa kwenye hesabu.

Jambo la pili ni la bahati. Katika kumbukumbu zake Mendel alieleza kwamba mmea mmoja ulizaa punje 43 za mviringo na mbili tu zilizokunjamana, na mwingine ukazaa 14 za mviringo na 15 zilizokunjamana. Mtu aliyeuona mmea huo wa pili peke yake angedai kwamba uwiano ni sawa kwa sawa. Ni maelfu ya punje yaliyoudhihirisha ukweli. Uwiano wa tatu kwa moja hauahidi kwamba kila familia ya watoto wanne itakuwa na mmoja wa aina ya nne. Husema tu kwamba kila mtoto, bila kujali waliomtangulia, ana nafasi moja kati ya nne.

Alipofuatilia sifa mbili kwa pamoja, umbo na rangi, alipata punje 556 katika kizazi cha pili: 315 za mviringo na manjano, 108 za mviringo na kijani, 101 zilizokunjamana za manjano na 32 zilizokunjamana za kijani. Huo ndio uwiano wa tisa kwa tatu kwa tatu kwa moja unaowatisha wanafunzi. Hauna siri yoyote. Ni tatu kwa moja ya umbo iliyozidishwa kwa tatu kwa moja ya rangi, kwa kuwa kila sifa ilirithiwa bila kuingilia nyingine.

Pia alipandanisha mimea yenye sifa fiche na ile iliyokuwa na shaka, ili watoto wafichue kilichomo ndani ya mzazi. Mzazi akiwa mchanganyiko, nusu ya watoto huonyesha sifa fiche. Njia hiyo ingali ikitumiwa na wakulima wa mbegu, na bado huulizwa katika mitihani.

Ukimya wa miaka 34

Majaribio ya njegere yalikwisha mwaka 1863, baada ya mimea inayokadiriwa kufikia 28,000. Mwezi Februari na Machi 1865 Mendel alisoma ripoti yake mbele ya chama cha wapenda sayansi mjini Brünn, katika mikutano miwili. Wasikilizaji walimvumilia kwa heshima. Ripoti ilichapishwa mwaka 1866 katika jarida la chama hicho, lililotumwa kwa taasisi zaidi ya 100 za Ulaya na kwingineko. Yeye mwenyewe aliagiza nakala 40 za kuwagawia wataalamu.

Hakuna kilichotokea. Charles Darwin, aliyekuwa amechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1859 na aliyelihitaji mno jibu la swali la urithi, hakuisoma ripoti hiyo. Mendel alikuwa amekisoma kitabu cha Darwin kwa Kijerumani na kukiwekea alama. Hata alifika London mwaka 1862 kutazama maonyesho ya kimataifa, lakini wawili hao hawakuonana.

Mtaalamu mmoja tu mashuhuri alimjibu, naye ni Carl Nägeli wa Munich, Ujerumani. Waliandikiana hadi mwaka 1873, lakini Nägeli hakuwahi kuupa uzito uvumbuzi wa njegere. Alimhimiza Mendel achunguze mmea mwingine uitwao Hieracium, ambao yeye Nägeli aliushughulikia. Mendel alihangaika na viua vyake vidogo hadi macho yakamuuma, na matokeo hayakulingana na yale ya njegere. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba mmea huo mara nyingi hutoa mbegu bila kuchavushwa, na watoto huwa nakala za mama. Kanuni za Mendel hazikuwa na kosa. Ila yeye hakuishi kulijua hilo.

Mwaka 1868, baada ya kifo cha Napp, watawa walimchagua Mendel kuwa abati, na hapo akaacha kufundisha. Shughuli za ofisi zilimmaliza. Aliendelea na nyuki, miti ya matunda na vipimo vya hali ya hewa, lakini majaribio makubwa ya mimea yalififia. Mwaka 1874 serikali ilipitisha sheria ya kuzitoza monasteri kodi mpya. Mendel aliiona kuwa ya dhuluma na akakataa kulipa. Mapato ya monasteri yalizuiliwa, rafiki wakapungua, lakini hakulegeza msimamo hadi kufa.

Alifariki Januari 6, 1884, kutokana na maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 61. Mwanamuziki Leoš Janáček aliongoza muziki katika mazishi yake. Waliomlilia walimlilia padri mkarimu, abati mwenye msimamo na mfugaji wa nyuki. Karatasi zake nyingi zilichomwa. Mwaka huohuo Nägeli alichapisha kitabu kikubwa kuhusu urithi, na jina la Mendel halikuwamo.

Kufufuka kwa jina

Mwaka 1900, miaka 34 baada ya ripoti kuchapishwa, wataalamu watatu wa mimea waliitangaza upya karibu kwa wakati mmoja: Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria. Kila mmoja alikuwa akifanya majaribio yake, na alipochunguza maandishi ya waliomtangulia alikuta kwamba mtawa wa Brünn alikuwa amefika zamani. Correns alikuwa amesoma chini ya Nägeli.

Nchini Uingereza William Bateson aliipigania kazi hiyo, na ndiye aliyeipa taaluma nzima jina la jenetiki mwaka 1905. Mwenzake wa Cambridge, Reginald Punnett, alibuni jedwali la miraba ambalo wanafunzi wa leo hulichora kutafuta watoto watakavyokuwa. Wilhelm Johannsen wa Denmark aliviita visababishi vya Mendel jeni mwaka 1909. Thomas Hunt Morgan, akichunguza nzi nchini Marekani, alionyesha kuanzia 1910 kwamba baadhi ya jeni zimo katika kromosomu za jinsia. Ndiyo sababu kutotambua rangi huwapata wanaume zaidi ya wanawake.

Ilibainika pia kwamba si kila jeni hutawala nyingine. Kuna maua ambayo mekundu na meupe huzaa ya waridi, na katika makundi ya damu A na B huonekana zote mbili kwa mtu mwenye AB. Anayeelewa kwamba kila mzazi hutoa kisababishi kimoja atayajibu maswali haya yote. Mambo yanayobadilika ni yale yanayoonekana nje tu.

Hata sifa yake haikukosa wa kuitilia shaka. Mwaka 1936 Ronald Fisher, bingwa wa takwimu wa Uingereza, alisema kwamba hesabu za Mendel zilikaribia mno uwiano uliotarajiwa. Mjadala huo uliendelea kwa miongo mingi. Hata hivyo, waliorudia majaribio ya njegere walipata uwiano uleule.

Kutoka njegere hadi damu ya binadamu

Uzito wa kazi ya Mendel unaonekana vyema Afrika katika ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mwaka 1949 James Neel wa Marekani, na E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia, walionyesha kila mmoja kwa upande wake kwamba ugonjwa huo hufuata kanuni ya Mendel. Mgonjwa amepata jeni moja yenye kasoro kutoka kwa kila mzazi. Mwenye jeni moja tu kwa kawaida huishi bila kuugua.

Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Uingereza, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliwakuta wabebaji wengi wa jeni hiyo Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa sababu yake: jeni moja ya selimundu humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Kwa hivyo jeni hiyo haikutoweka pale mbu walipotawala.

Wazazi wawili wabebaji, wote wakiwa na afya njema, wanaweza kumpata mtoto mgonjwa. Katika kila mimba nafasi ya kuzaliwa mgonjwa ni moja kati ya nne, ya kuzaliwa mbebaji ni mbili kati ya nne, na ya kuzaliwa bila jeni hiyo ni moja kati ya nne. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, nafasi ya wa pili haipungui wala haiongezeki. Nyumba nyingi zimevunjika kwa sababu mama alilaumiwa peke yake, au kwa kuwa ilisadikiwa kwamba kuna mkono wa mtu. Mraba mdogo wa Punnett unaonyesha kwamba baba na mama wametoa sawa kwa sawa, na kwamba hakuna aliyekusudia.

Mwaka 2021, dunia ilipojiandaa kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwa Mendel, watafiti mjini Brno walifukua mabaki yake kwa ridhaa ya watawa wa shirika lake na kuzisoma jeni zake mwenyewe. Mtu aliyehisi kuwapo kwa vitu hivyo bila kuwahi kuviona alikuwa amegeuka kuwa somo la taaluma aliyoianzisha.

Monasteri ya Mtakatifu Thomas ingali ipo Brno, na uani mwake mnaonekana msingi wa nyumba yake ya vioo. Wageni hufika kutazama mahali mwalimu asiye na cheti alipoinama juu ya maganda ya njegere, akizitenga za mviringo na zilizokunjamana, na kuandika hesabu yake kila jioni.